Kuchora Sufuria ya Alumini kwa GIMP: Mwongozo kwa Wasanifu wa Katalogi na Mabango

Mwenye duka la vyombo anapotaka katalogi au bango, kwa kawaida huleta picha alizopiga kwa simu. Ndoo na beseni za plastiki hutoka vizuri. Sufuria za alumini hutoka vibaya, kwa kuwa chombo kinachong'aa huakisi kila kilicho mbele yake: mlango wa duka, bodaboda iliyoegeshwa nje, hata mpigapicha mwenyewe na simu yake mkononi. Kuokota picha ya mtandaoni nako si dawa. Picha ile ina mwenyewe, na sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, zinamlinda. Mwongozo huu unashughulikia njia ya tatu, yaani kuichora sufuria yenyewe hadi mteja aamini kwamba imepigwa picha.

Programu itakayotumika ni GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo hutolewa bure kwa kompyuta za Windows, Linux na macOS. Maelekezo haya yanafuata toleo la 3.0, lililotoka mwaka 2025, ingawa anayetumia 2.10 hatapotea. Mwenye Photoshop au Krita atazikuta zana hizihizi kwa majina yanayokaribiana.

Kabla ya kufungua kompyuta, tafuta sufuria halisi. Iweke mezani karibu na dirisha moja, zima taa, simama umbali wa kama mita moja na nusu, kisha finya macho hadi maandishi na mikwaruzo ipotee, yabaki mabaka ya mwanga na giza tu. Mabaka hayo ndiyo kazi yote. Msanifu anayeruka hatua hii huishia kutegemea filta, na filta haijui dirisha liko upande gani.

Fungua turubai ya pikseli 3000 kwa 3000, yenye msongamano wa pikseli 300 kwa inchi. Ukubwa huo ni sentimita 25.4 kila upande, na unatosha ukurasa wowote wa katalogi ya A4. Tengeneza leya tano tangu mwanzo na uzipe majina: kivuli, ukuta wa nje, ndani, mdomo, masizi. Kuzipa majina kunaonekana jambo dogo mpaka mteja arudi baada ya miezi akitaka mfuniko uongezwe.

Umbo ndilo linalowaangusha wengi, na makosa yake hayafunikwi na rangi yoyote. Mdomo wa sufuria ni duara, lakini ukiutazama kwa mshazari unakuwa duaradufu. Chukua zana ya kuchagua duaradufu kwa herufi E, na mdomo uupe upana wa pikseli 2000 na kimo cha 600, yaani kimo ni asilimia 30 ya upana. Kitako kinakaa chini zaidi ya macho ya mtazamaji, hivyo duaradufu lake lazima lifunguke zaidi: kwa upana wa 1900, kimo chake kiwe kama 720. Tofauti hiyo ndiyo inayoikalisha sufuria mezani. Anayenakili duaradufu la juu na kulishusha chini kama lilivyo hupata sufuria inayoelea, na anayechora kitako kwa mstari ulionyooka hupata sufuria iliyokatwa kwa msumeno. Kati ya vitovu vya maduaradufu hayo mawili acha pikseli 850 hivi, na vyote viwili vikae juu ya mstari mmoja wa wima; vuta mwongozo kutoka kwenye rula ya pembeni ili usibahatishe. Ncha za kushoto na kulia za duaradufu hazina kona hata kidogo, hata likiwa jembamba namna gani.

Unganisha kuta kwa zana ya pathi, herufi B. Sufuria zetu nyingi hazishuki wima hadi chini; ukuta hukunja taratibu kuingia kitakoni. Mkunjo huo uonekane pande zote mbili, na ulingane.

Mdomo uliokunjwa nje unahitaji uangalifu wa pekee. Wengi huchagua duaradufu kubwa kisha huamuru programu ilipunguze kwa pikseli kadhaa kuzunguka pande zote. Matokeo yake ni pete yenye unene uleule kila mahali, na jicho la mteja hukataa bila yeye kujua sababu. Pete iliyolala bapa, ikitazamwa kwa mshazari, huwa pana pembeni na nyembamba mbele na nyuma. Basi usipunguze, chora duaradufu la pili lenye uwiano uleule wa asilimia 30, tuseme 1880 kwa 564, kitovu kilekile. Pembeni utapata pikseli 60, mbele na nyuma 18. Jipime kwa sufuria iliyo mezani.

Sasa mwanga. Tuseme dirisha liko kushoto. Kwenye leya ya ukuta wa nje, funga uwazi wa leya ili rangi isivuke umbo, kisha tumia zana ya gradienti, herufi G, kwa mlalo kutoka kushoto hadi kulia. Gradienti ya rangi mbili, nyeupe kwenda nyeusi, itakupa bomba la plastiki. Ongeza vituo juu ya mstari wa gradienti wenyewe: ukingo wa kushoto kijivu cha wastani, kama asilimia 55 ya weupe, mara kanda nyembamba yenye giza la 30, kisha mruko wa ghafla hadi 92, ambapo dirisha linaakisiwa, halafu kushuka polepole hadi 60, kisha giza zito la 18 karibu na robo ya mwisho upande wa kulia, na mwishoni kabisa, ukingo wa kulia, panda tena hadi 45. Kijivu hicho cha mwisho ni mwanga unaorudishwa na ukuta wa chumba. Ukikisahau, sufuria itaonekana imekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Neno la kushika hapo ni mruko. Udongo, mbao na plastiki isiyong'aa hupita kutoka mwangani kwenda gizani kwa upole. Metali hukata. Ikiwa mchoro wako unafanana na chungu kilichopakwa rangi ya fedha, usiongeze mng'ao. Sogeza vituo viwili vya gradienti vikaribiane. Weupe kamili wa 100 uweke akiba kwa doa moja au mawili mdomoni, na weusi wa 0 usiutumie popote.

Ndani ya sufuria mambo hugeuka. Mwanga ukitoka kushoto huangukia ukuta wa ndani wa kulia, kwa hiyo upande uliokuwa na giza nje ndio wenye mwanga ndani. Jambo hili moja, likifanywa sawasawa, linashinda saa nzima ya kupaka umbile. Na kwa pembe tuliyoichagua, sakafu ya ndani ya sufuria haionekani. Kinachoonekana ni ukuta wa nyuma tu. Usiichore kwa kuwa unajua ipo.

Mfuniko uliolala kando ni hadithi nyingine. Bamba lililochongwa kwa kuzungushwa hubaki na mistari midogo ya mviringo, na mistari hiyo hukusanya mwanga katika pepeo mbili zinazotazamana, kitovu kikiwa katikati. GIMP ina gradienti ya koni yenye ulinganifu inayofaa kabisa kwa kazi hii: weka kijivu cheusi mwanzoni na mwishoni, cheupe katikati, kisha uvute kutoka kitovuni. Ifanye juu ya duara kamili kwanza, ndipo ulibane duara liwe duaradufu. Ukifanya kinyume, pepeo zitasimama wima huku mfuniko umelala.

Alumini si kijivu kitupu, maana huazima rangi za majirani. Ikiwa meza ni ya mninga, sehemu ya chini ya ukuta iwe na wekundu hafifu: leya mpya, brashi laini, ukolevu wa asilimia 15, basi. Kwa vyombo vya shaba nyekundu au nyeupe kumbuka kwamba mng'ao wenyewe hubeba rangi ya metali, ilhali mng'ao wa ndoo ya plastiki nyekundu ni mweupe kama taa iliyoumulika. Doa jeupe kabisa juu ya birika la shaba huligeuza plastiki papo hapo.

Umbile la mikwaruzo tumia kwa uchache. Jaza leya kwa kijivu, ongeza chenga, zifute kwa ukungu wa mwendo wa mlalo, weka modi ya Overlay na ukolevu usiozidi asilimia 15. Mistari hiyo ni minyoofu wakati sufuria ni ya mviringo, hivyo ishushe katikati kwa zana ya kuvuta, herufi W, ifuate mkunjo wa mdomo. Masizi ni ya sufuria iliyotumika tu. Kwenye katalogi ya bidhaa mpya leya hiyo izime. Kwa bango la mgahawa iwashe, upake kwa modi ya Multiply ukianzia kitakoni, na makali yake yapande ovyo kama moto ulivyopanda.

Vivuli ni viwili, si kimoja. Cha kwanza ni chembamba, kizito, chini kabisa pale kitako kinapogusa meza. Ukungu wa pikseli 8 unakitosha. Cha pili hunyooka kulia, kipana, na kadiri kinavyoondoka kwenye sufuria ndivyo kinavyolainika na kufifia. Kipe ukungu wa pikseli 60, kisha ukififishe mwisho wake kwa maski. Vyote viwili vibebe kahawia nzito ya meza, siyo nyeusi.

Kagua kwa kugeuza mwonekano kushoto kuwa kulia, kisha kwa kupunguza hadi asilimia 10. Kitakachopinda kitajionyesha katika la kwanza. Mwanga uliokosewa utajionyesha katika la pili.

Hifadhi faili ya XCF na leya zake zote, na kwa mteja toa PNG yenye mandhari wazi. Kwa uchapishaji, omba sampuli ya ukurasa mmoja kabla ya kukubali idadi yote: GIMP hufanya kazi kwa rangi za mwanga, wakati mashine hutumia wino wa rangi nne, na kijivu ndicho cha kwanza kuyumba, kikielekea ubuluu au upinki. Mwambie fundi wa mashine kwamba picha ni ya metali. Atajua wapi pa kurekebisha.

Orodha ya bei huwa na seti nzima, na kishawishi ni kuchora sufuria moja kisha kuipunguza mara sita. Ukuta na mwanga vitakubali. Mdomo hautakubali, kwa kuwa bamba la sufuria ndogo halipungui unene kwa kiwango kilekile. Ukiipunguza picha nzima kwa nusu, mdomo utakuwa mwembamba kama karatasi. Punguza leya zote isipokuwa ya mdomo, na mdomo uuchore upya kwa kila saizi.