Mtoto aliyedungwa sindano humwogopa hata kinyozi

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzazi huliona hilo kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyetoka kudungwa chanjo ya pili ya ukambi. Siku chache baadaye anapelekwa kunyolewa, na akiona tu koti jeupe la kinyozi anaangua kilio. Kinyozi hana sindano. Mama hudhani ni utundu, pengine akamchapa.

Si utundu. Hofu iliyofunzwa na kitu kimoja huenea kwa vinavyofanana nacho, na kadiri kitu kinavyotofautiana na kile cha kwanza ndivyo hofu inavyopungua.

Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner wa Baltimore, Marekani, walichapisha jaribio walilomfanyia mtoto wa miezi 11 waliyemwita Albert. Alionyeshwa panya mweupe, huku chuma kikigongwa kwa nyundo nyuma yake. Baada ya vishindo saba, panya peke yake alitosha kumliza. Siku tano baadaye aliogopa pia sungura, mbwa na koti la manyoya. Vipande vya mbao alivichezea kama kawaida. Lilikuwa jaribio la kikatili, tena la mtoto mmoja tu, naye aliondoka hospitalini bila hofu hiyo kutibiwa.

Afadhali kazi ya Mary Cover Jones ya mwaka 1924. Alimtibu Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura, pamba na manyoya. Peter alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura aliletwa ndani ya kizimba, mbali kwanza, kisha karibu kidogo kidogo. Mwishowe Peter alimwacha amtafune vidole. La kufurahisha ni kwamba hofu ya pamba na manyoya nayo ilitoweka, ingawa haikutibiwa peke yake. Nafuu nayo huenea.

Kwa hiyo, mzazi, mpe mwanao ndizi mkiwa mlangoni pa kinyozi, mtazame wengine wakinyolewa, kisha mrudi nyumbani. Siku nyingine sogeeni. Mwombe kinyozi avue koti. Usimlazimishe akiwa analia, na usimtishe kwamba daktari atamdunga akikataa uji. Hofu ikizidi hata akakosa usingizi, mweleze muuguzi wa kliniki.