Taa ya Injini Ikiwaka, Anza Hapa

Mwenye gari la miaka mingi, ukiona taa ya manjano yenye picha ya injini kwenye dashibodi, usiizoee, wala usikimbilie kununua vipuri. Mara nyingi inahusu mfumo wa kupunguza sumu katika moshi.

Taa ikiwakawaka, injini haichomi mafuta yote. Yanayobaki huungua ndani ya katalaiza, kifaa cha kusafisha moshi, na kuiharibu kwa joto. Punguza mwendo, egesha mbali na nyasi kavu, zima injini, kisha ita fundi.

Ikiwaka mfululizo na gari linaenda vizuri bila joto kupanda, kaza kifuniko cha tangi la mafuta. Kikilegea, mvuke wa petroli hutoka na taa huwaka. Baada ya kukikaza, taa huweza kuchukua safari kadhaa kabla ya kuzimika. Isipozimika, nenda gereji.

Mwombe fundi asome msimbo wa hitilafu kwa mashine, nawe uuandike. Kwa mfano, P0420 huonyesha kuwa katalaiza haisafishi moshi ipasavyo. Hata hivyo, bomba la moshi linalovuja au sensa mbovu ya oksijeni huweza kuleta msimbo huohuo. Hivyo vikaguliwe kwanza, kwani katalaiza ni ghali. Kufuta msimbo pekee huzima taa tu, ubovu hubaki.

Usikubali katalaiza ing'olewe. Sumu ambayo ingesafishwa huvutwa na watoto na wachuuzi kando ya barabara.