Filamu Kubwa ya Papo kwa Papo na Gharama ya Kuifufua

Mwanafunzi wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, anayetakiwa kupeleka picha za pasipoti chuoni siku hizi hana kazi kubwa. Anaketi mbele ya kitambaa cheupe, anapigwa kwa kamera ya dijitali, kompyuta inapanga nyuso kwenye karatasi moja, printa inachapa na mkasi unakata. Umeme ukikatika, anasubiri. Kabla ya hapo ilikuwapo njia nyingine, iliyotumika katika studio nyingi duniani, ambayo haikuhitaji kompyuta, maji wala chumba cha giza: filamu ya papo kwa papo, yaani filamu inayobeba ndani yake dawa ya kujisafisha. Wengi waliiita Polaroidi, kwa jina la kampuni iliyoianzisha, ingawa Fujifilm ya Japani nayo iliitengeneza kwa wingi.

Aina nyingi za filamu hiyo zimekoma kutengenezwa, na zile za karatasi kubwa ndizo zilizowasumbua zaidi waliojaribu kuzirudisha. Ili kuona ugumu uko wapi, inafaa kuanza chini kabisa, kwenye chumvi ya fedha.

Fedha ni madini yaleyale ya pete na bangili. Ikiungana na bromini, hufanyika chumvi iitwayo bromidi ya fedha. Chumvi hii, ikiwa katika fuwele ndogo mno zilizotawanywa ndani ya jelatini, hupakwa juu ya karatasi au plastiki, na hapo ndipo filamu inapopatikana. Mwanga ukiigusa fuwele, atomi chache za fedha hujitenga ndani yake. Jicho haliwezi kuziona, lakini alama imeshawekwa. Dawa ya kusafishia huitafuta alama hiyo: fuwele iliyoguswa na mwanga huigeuza yote kuwa fedha halisi, nayo katika chembe ndogo huonekana nyeusi. Fuwele ambayo haikuguswa hubaki chumvi, kisha dawa ya pili, ya kukazia, huiyeyusha na kuiondoa.

Kinachobaki ni negativu, yaani picha iliyopinduliwa: palipokuwa na mwanga pamekuwa peusi, palipokuwa na giza pamekuwa peupe. Ili sura irudi kama ilivyo, negativu lazima ichapwe upya kwenye karatasi nyingine, na karatasi hiyo nayo isafishwe.

Sasa tazama ile chumvi iliyoyeyushwa na kumwagwa. Ilitoka wapi? Ilitoka mahali penye giza, na mahali penye giza tu. Maana yake ni kwamba kilichotupwa kilikuwa na umbo la picha sahihi. Karibu na 1939, watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake, André Rott wa kampuni ya Gevaert huko Ubelgiji na Edith Weyde wa Agfa huko Ujerumani, walionyesha kuwa fedha hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye karatasi ya pili badala ya kupotea. Matumizi ya kwanza yalikuwa kunakili hati za ofisini. Mmarekani Edwin Land wa kampuni ya Polaroid ndiye aliyeufikisha utaratibu huu ndani ya kamera. Aliuonyesha hadharani New York mnamo Februari 1947, na kamera yake ya kwanza ikaanza kuuzwa Boston mnamo Novemba 1948.

Chukua mfano wa mtu aliyevaa koti jeusi na shati jeupe. Shati linarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo fuwele za mahali hapo kwenye negativu zinaguswa. Koti halirudishi karibu chochote. Mpigapicha anapoivuta filamu kutoka kwenye kamera, inapita katikati ya rola mbili za chuma. Rola zinapasua kifuko kidogo chenye dawa nzito kama uji, na dawa inatandazwa kati ya negativu na karatasi ya kupokelea, kwa unene usiofika sehemu ya kumi ya milimita. Upande wa shati, dawa inageuza fuwele kuwa fedha palepale, na fedha hiyo haiendi popote. Upande wa koti, kiyeyushi kilichomo ndani ya dawa hiyohiyo kinayeyusha chumvi. Fedha inavuka ule utando mwembamba, inakutana na chembe zilizowekwa kwenye karatasi ya kupokelea, na hapo inaganda. Koti jeusi linajengwa. Muda ukifika, karatasi mbili zinabanduliwa, na picha iko tayari.

Yote haya hutegemea usawa wa utando ule. Kwenye karatasi ndogo ya studio, ya sentimita 8.3 kwa 10.8, usawa si tatizo kubwa. Lakini kipimo ambacho wapigapicha hukiita nane kwa kumi, kwa inchi, ni sawa na sentimita 20 kwa 25, na eneo lake ni karibu mara sita ya ile ndogo. Kiputo kimoja cha hewa, au rola iliyopinda kidogo sana, huacha doa katikati ya uso wa mtu. Ndiyo maana filamu hii haivutwi kwa mkono. Ina mashine yake ya pembeni yenye rola. Polaroid ilifika hata inchi 20 kwa 24, kwa kamera yenye uzito wa zaidi ya kilo 100.

Mvuto wake unaeleweka kwa hoja hiyohiyo ya ukubwa. Picha ndogo ikikuzwa, kila kasoro hukua pamoja nayo. Katika karatasi kubwa hakuna kukuza: lenzi inachora uso kwa ukubwa ambao mtazamaji atauona, na unywele wa nyusi unabaki unywele. Tena aliyepigwa anaiona picha yake akiwa bado ameketi, na anaweza kusema hapendi. Mpigapicha Ansel Adams, aliyekuwa mshauri wa Polaroid kwa miaka mingi, alitumia filamu yao ya inchi nne kwa tano iitwayo Type 55, ambayo pamoja na picha ilitoa negativu ya kudumu.

Gharama ni suala jingine, na mfano bora ninaoujua uko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Martina Bacigalupo, mpigapicha Mwitaliano aliyeishi Burundi kwa miaka mingi, alikuta katika studio moja ya mji huo picha nyingi zilizotupwa: watu wameketi wamevaa vizuri, lakini mahali pa uso pana tundu la pembe nne. Alizikusanya katika kitabu cha 2013. Sababu ya tundu ilikuwa ya hesabu tu. Mashine ya studio ya picha za vitambulisho ilitoa nyuso nne kwa mkupuo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Ilikuwa nafuu kupiga picha moja ya kawaida, kukata uso na kutupa kilichobaki.

Kiwanda nacho kina mkupuo wake, mkubwa mno. Mtambo wa kupaka chumvi hufanya kazi kwenye utepe mpana na mrefu. Hauwashwi kwa ajili ya karatasi kumi. Gharama ya kuuwasha haipungui kwa sababu wanunuzi wamepungua, bali hugawanywa kwa karatasi chache zaidi, na kila moja hupanda bei. Zamani utepe uleule ulikatwa vipande vidogo kwa ajili ya studio za pasipoti na vipande vikubwa kwa ajili ya wasanii. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalosahaulika: aliyelipia wingi ni mteja wa kitambulisho. Alipohamia dijitali, karatasi ya msanii ilibaki na mzigo wote.

Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kuacha kutengeneza filamu. Florian Kaps na mhandisi André Bosman, pamoja na wafanyakazi wachache wa zamani, walinunua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, kwa takriban dola milioni 3. Kwa kuwa baadhi ya malighafi hazikuwapo tena sokoni, walilazimika kubuni kemia upya. Filamu ya nane kwa kumi walirudi nayo 2012, kwa bei ya karibu dola 20 kwa karatasi moja. Marekani, Bob Crowley alichangisha zaidi ya dola 400,000 mwaka 2014 ili kuirudisha Type 55 kwa jina la New55; karatasi zilikusanywa kwa mkono, zikauzwa kwa takriban dola 15 kila moja, na mwishoni mwa 2017 kazi ikafungwa. Fujifilm nayo ilitangaza mwaka 2016 kuacha FP-100C, filamu ya rangi ya kubandua iliyotumiwa sana na studio za pasipoti.

Katika majaribio haya, nyeusi na nyeupe ina matumaini zaidi kuliko rangi. Nyeusi na nyeupe ni fedha, kiyeyushi na karatasi ya kupokelea, na fundi mwenye subira anaweza kuziunganisha mezani. Rangi inadai tabaka nyingi za chumvi, kila moja na rangi yake iliyotengenezwa kwa kemia ya pekee, na hizo hazipatikani bila kiwanda kizima. Anayetaka kutumia filamu hii ya papo kwa papo huko Nyakabiga ana hesabu moja zaidi: joto la Bujumbura huharakisha kuzeeka kwa dawa iliyo ndani ya kifuko, kwa hiyo filamu isiyohitaji umeme kupigwa itahitaji friji inayowaka muda wote kabla ya siku ya kupigwa.