Mwenzangu hamalizi simu

SWALI: Ofisini tumekaa chumba kimoja watu kadhaa. Dada mmoja kutwa anaongea na simu mezani, na ujumbe wa WhatsApp anaufungulia spika. Nikimwambia sitaonekana najidai?

JIBU: Kinachokuchosha si ukubwa wa sauti, ni maneno. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu huvuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa kuwa akili hubaki ikikisia jibu lisilosikika. Ndiyo maana feni inayovuma juu yako huisikii tena, ila "ehee, halafu akasemaje?" inakutoa katikati ya hesabu. Atakwambia uvae visikilizio usikilize muziki. Lakini wimbo nao ni maneno. Atasema wengine wamezoea. Kunyamaza si kuzoea, na huenda nao wanaogopa kuonekana wanajidai. Kwa hiyo usimwambie ana kelele, maana hapo umemgusa tabia. Mwombe jambo moja, pembeni, siku ambayo hujakasirika: "Samahani dada, simu ndefu naomba upokelee koridoni, nafunga hesabu." Akipuuza, mpelekee msimamizi pendekezo la utaratibu wa chumba kizima, bila kutaja jina la mtu.