Nyuzi 18 za Mswala Wangu



Ndugu zangu, tulipokuwa shule ya msingi mwalimu alituchorea ubaoni mistari miwili inayoanzia nukta moja, akasema nafasi iliyo kati yake ndiyo pembe. Tukaipima kwa kipimapembe, tukapata alama zetu, tukasahau. Mimi nimelikumbuka somo lile nikiwa chuoni, hapa Kansanga, kwa sababu ya mswala.

Nilikuja kutoka Tanga na mazoea ya nyumbani. Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo Kibla cha kwetu ni karibu kaskazini kamili. Siku ya kwanza hosteli nilifungua dira ya simu, nikatafuta kaskazini, nikatandika. Chumbani nilikuwa peke yangu, hakuna wa kuniuliza. Nikasali hivyo muhula mzima.

Jioni moja kaka wa mwaka wa tatu, anayesomea uhandisi, alikuja tusali Magharibi pamoja. Akautazama mswala.

"Mdogo wangu, hapa Kampala Kibla si kaskazini. Ni kama nyuzi 18 kuelekea mashariki."

Akaishika ncha ya mbele, akaisogeza kulia kama shubiri moja na nusu. Nikacheka: "Ndiyo hiyo tu?" Yeye hakucheka. Tulipomaliza kusali, akaomba karatasi.

Hesabu yenyewe

Ukipotoka nyuzi moja tu, kila ukienda mita 57 unakuwa umeachana na njia yako kwa mita moja. Kutoka Kampala hadi Makka ni karibu kilomita 2,500. Kwa umbali huo, nyuzi moja inakukosesha Makka kwa zaidi ya kilomita 40. Nyuzi 18 zinakukosesha kwa zaidi ya kilomita 700. Mtu anayefuata mstari wa mswala wangu wa zamani asingeiona Kaaba. Angetokea jangwani, karibu na mpaka wa Sudan na Misri.

Nisieleweke vibaya. Wanavyuoni wengi wamesema aliye mbali na Kaaba anatakiwa kuelekea upande wake, si kulilenga jengo lenyewe. Mwenye swali la sala zake awaulize masheikh, mimi si mtoa fatwa. Lakini Waislamu hawakulichukulia jambo hili kwa uzembe. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali ilipo miji, na moja ya shabaha zake ilikuwa kupata Kibla cha mji wa Ghazna.

Pembe nyingine

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa ajili ya mswala.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, nilikuwa nimefeli somo moja. Mama akapiga simu: "Matokeo vipi, mwanangu?" Nikajibu, "Alhamdulillah mama, yote salama." Neno dogo, shubiri moja na nusu. Nikajiambia nitarudia mtihani, nitafaulu, yataisha.

Lakini mtihani wa kurudia una ada. Nikaomba pesa "za vitabu". Mama akataka kujua ni vitabu gani, nikataja majina. Akamwambia mjomba kwamba kijana anasoma kwa bidii, mjomba naye akaongeza kidogo. Nikaanza kuogopa simu ya mama ikilia. Mwezi mmoja tu, na nilikuwa jangwani. Sikuwa nimegeuka popote. Nilikwenda mbele tu kwenye mstari uleule.

Hivyo ndivyo pembe inavyofanya kazi. Pale kwenye nukta mistari imegusana, huoni tofauti. Umbali ndio unaoifichua.

Kesho yake baada ya Alfajiri nilimpigia, nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Huo mtihani ni lini?" Hakusema zaidi siku hiyo. Imani yake kwangu bado naijenga, na sidai kwamba imerudi yote.

Tunachojifunza

Kwanza, rekebisha mapema. Pembe ni ileile, lakini leo utasogeza shubiri, mwakani utasogeza kilomita.

Pili, usibebe mazoea ya ulikotoka bila kuyapima. Kaskazini ya Tanga haikuwa kosa kwa Tanga. Ukihama, pima upya.

Tatu, usikate tamaa. Aliyepotea hadi jangwani halazimiki kurudi kwanza Kansanga ndipo aielekee Kaaba. Popote aliposimama upo mstari wa kwenda huko, mradi ageuke. Nami naiona toba hivyo. Katika rakaa 17 za faradhi kila siku tunaomba kuongozwa njia iliyonyooka. Tungekuwa hatupotoki, tusingeombeshwa mara zote hizo.

Zoezi

Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba kabisa. Saa zetu na za Makka ni sawa. Simamisha kijiti wima uwanjani. Mstari kutoka ncha ya kivuli hadi shina la kijiti ndio Kibla chako. Linganisha na mswala wako.

Kisha, ukiwa hapo hapo, jiulize ni simu gani unayoogopa kuipokea.