Uuguzi wa Sato Mgonjwa: Somo kwa Wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Mfugaji anayefika bwawani kabla ya jua kuchomoza na kuwakuta sato wake wote juu ya maji, vinywa wazi, wakitweta, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Huwamwagia chakula akidhani wana njaa, au hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua unga wa oksitetrasaiklini auchanganye na pumba. Kwa vyovyote vile humwongezea mgonjwa mzigo. Samaki hao hawana njaa, na yamkini hawana maradhi yoyote ya kuambukiza. Wamekosa hewa.

Somo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2024, serikali ilipoanza kuwakabidhi wavuvi wa Kanda ya Ziwa vizimba na boti za mkopo. Kwenye fukwe za Musoma na upande wa Bunda unaopakana na Ghuba ya Speke, sato hufugwa ndani ya nyavu ziwani. Butiama, ambako sehemu kubwa ya wilaya iko mbali na ziwa, hufugwa katika mabwawa ya kuchimba. Kizimba kimoja kikifa, deni halifi nacho.

Mganga mzuri huanza kwa kumhoji mgonjwa. Samaki hasemi, lakini namna anavyokufa inasema mengi. Wakizidiwa wote kwa pamoja, alfajiri, na wakubwa wakatangulia kufa, shaka iangukie oksijeni: usiku mimea na mwani havitengenezi hewa hiyo bali huitumia, hivyo kiwango chake huwa cha chini kabisa kabla ya mapambazuko. Wakifa wachache kila siku kwa majuma kadhaa, macho yametokeza, tumbo limejaa maji au wanaogelea kwa kuzunguka kama pia, hapo kuna dalili za ugonjwa, mara nyingi bakteria wa jamii ya streptokokasi. Bwawa likiwa na sato pamoja na kambale, kambale ni shahidi mzuri. Yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo humudu upungufu wa oksijeni unaomuua sato. Kambale naye akifa, mfugaji afikirie sumu.

Wakazi wa Mara hawahitaji kutafutiwa mfano mbali. Machi 2022 maji ya Mto Mara karibu na daraja la Kirumi, mpakani mwa Butiama na Rorya, yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo, na mjadala ulikuwa mkali. Hata hivyo, kanuni yenyewe haina ubishi: kitu chochote kinachooza ndani ya maji hula oksijeni ya samaki. Samadi iliyomwagwa bwawani kwa wingi hufanya hivyohivyo, na chakula kilichobaki chini ya kizimba pia.

Kimo cha ziwa nacho kina sehemu yake. Maji yenye joto la nyuzi 25 kando ya bahari huweza kubeba takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake kwa joto hilohilo hubeba takribani 7 tu. Sato hustawi penye miligramu 5 na kuendelea, kwa hiyo akiba iliyopo ni ndogo. Zaidi ya hayo, upepo mkali wa kusini unapovuma katika miezi ya katikati ya mwaka, maji ya vilindini yasiyo na hewa huweza kupandishwa hadi kwenye vizimba. Mwenye kizimba katika kina kifupi, chenye nyavu zilizozibwa na mwani, ndiye wa kwanza kuumia.

Matibabu ya awali, basi, ni kuacha kulisha kwa siku moja au mbili na kuyapa maji uhai. Bwawani, maji mapya yaingizwe kwa kumwagika kutoka juu, ili yachanganyike na hewa. Kizimbani, nyavu zisafishwe na samaki wapunguzwe. Waliokufa waondolewe kila asubuhi na kufukiwa mbali na maji. Kuwatupa ziwani ni kumpelekea jirani ugonjwa, na kuwauza ni kosa kubwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo chumvi inapopata nafasi yake, na sababu yake inafaa kueleweka. Damu ya sato ina chumvi nyingi kuliko maji ya ziwa, hivyo maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, naye hutumia nguvu kuyatoa kwa njia ya mkojo. Akipata kidonda au akipoteza ute unaofunika magamba, maji huingia kwa kasi zaidi, na samaki huchoka kwa kazi ya figo kabla hata bakteria hajamshinda. Samaki wa baharini ana shida iliyo kinyume: maji humtoka, naye hulazimika kuyanywa na kuitoa chumvi. Ndiyo maana wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini katika matangi ya kioo humtumbukiza mgonjwa kwa dakika chache katika maji baridi yasiyo na chumvi, na baadhi ya vimelea vilivyomganda hupasuka kwa kujaa maji. Kwa sato tiba ni hiyohiyo ikiwa imegeuzwa.

Dripu ya chumvi inayotumika hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa lita, nayo imekadiriwa kulingana na damu ya binadamu. Damu ya sato haiko mbali na hapo. Kwa samaki aliyechoka au mwenye vidonda, gramu 3 kwa lita zinatosha kumpunguzia kazi: gramu 60 katika ndoo ya lita 20, yaani takribani vijiko vitatu na nusu vya chakula. Maji yatoke bwawani mwake, ili joto lisibadilike ghafla. Chombo kiwekwe kivulini, kifunikwe kwa wavu kwa kuwa sato huruka, na sehemu ya maji ibadilishwe kila siku, kwa siku tatu hadi tano. Kwa vimelea vya ngozi, gramu 10 kwa lita hutumika kwa dakika kumi tu, mfugaji akiwa amesimama hapohapo. Samaki akilala ubavu, atolewe mara moja. Kazi yote hii ni ya samaki wazazi na vifaranga waliochoshwa na safari. Sato wa mezani hauguzwi mmoja mmoja, na chumvi haimwagwi kizimbani, kwa kuwa ziwa huichukua papo hapo.

Kuhusu antibiotiki, kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Samaki mgonjwa hali. Dawa iliyochanganywa na chakula huliwa na wazima, nyingine huanguka chini, na kiasi kikubwa cha iliyoliwa hutoka tena kwenye kinyesi. Bakteria wa ziwani huonja dawa kidogo kidogo na kujifunza kuihimili. Maji hayohayo huchotwa na akina mama wa vijiji vya pwani ya ziwa kwa kupikia na kuoshea watoto. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA) huanza kwa mlango huo pia, na zipo dalili kwamba mipaka kati ya samaki na mtu si ya kuaminika: mwaka 2015 nchini Singapore watu waliokula samaki wabichi wa maji baridi waliugua vibaya kwa streptokokasi. Samaki aiviswe.

Antibiotiki zitolewe baada ya vipimo tu. Kwa uchunguzi, samaki anayeumwa lakini bado hai ndiye wa kupelekwa, kwani aliyekufa huoza upesi katika joto letu. Aambatane na chupa ya maji iliyojazwa hadi mdomoni. Afisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuanzia, naye ataelekeza kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) kilichopo Sota, Rorya, au maabara ya veterinari Mwanza.

Mwuguzi wa samaki naye ana mikono. Miiba ya mapezi huchoma, na kupitia jeraha dogo huweza kuingia bakteria wa majini anayefanana na yule wa kifua kikuu, akaacha uvimbe au kidonda kisichopona kwa miezi. Wafugaji wa matangi ya kioo duniani kote wanaujua ugonjwa huo. Mfugaji avae glavu, na akienda zahanati na kidonda cha namna hiyo, amwambie tabibu mapema kwamba anafuga samaki. Asipoambiwa, tabibu huenda akaandika dawa za kawaida zisizomgusa bakteria huyo.