Kila Marko Anahitaji Barnaba
Somo: Matendo 15:36-40, 2 Timotheo 4:11

Yohana Marko aliacha huduma katikati ya safari akarudi Yerusalemu. Paulo akakataa kwenda naye tena, Barnaba akamchukua. Miaka baadaye, Paulo mwenyewe aliomba Marko aletwe amsaidie kazi.

Kijana wako wa sekondari akihepa shule, ama akitumwa nyumbani alete mzazi, usimtume dereva. Enda mwenyewe. Muulize kwanza anakimbia nini: hesabu, kuonewa, ama usingizi wa simu? Kisha ketini na mwalimu, mkubaliane lengo moja la wiki mbili, na ulifuatilie kila Ijumaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza kiboko shuleni. Haikukataza kufuatilia.

Jirani amechoka na wake? Kuwa Barnaba.